PIN Umeificha Vizuri. Na Kitambulisho Je?

Tazama watu wakiwa kwa wakala. Kila mmoja anaigeuza simu pembeni, anaifunika kwa mkono, ndipo abonyeze PIN. Safi sana! Lakini mtu huyohuyo, asubuhi hiyo, ameandika jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwenye kitabu cha mlinzi getini. Yeyote aliyefuata kwenye foleni angeweza kusoma kila kitu, au hata kukipiga picha.

Sisi tunaamini hapo ndipo tatizo lilipo. PIN inalinda pesa ulizo nazo. Kitambulisho kinalinda pesa ambazo bado hujakopa, na hizo mtu anaweza kukukopea bila wewe kujua.

Rafiki wa mmoja wetu alimaliza chuo akaanza kutafuta kazi. Akapata ujumbe wa "ajenti" aliyetaka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, pamoja na selfi. Akatuma. Kazi haikuwepo, akasahau. Baada ya muda akapata kazi ya kweli, ila mwajiri alitaka cheti cha CRB kwanza. Kumbe jina lake lilikuwa limeorodheshwa kwa deni la programu ya mkopo ambayo hajawahi hata kuipakua! Mkopo ulichukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, laini ambayo hajawahi kuishika mkononi. Jina lilikuja kusafishwa, lakini nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Labda unajiuliza, kwani hakupewa notisi? Kanuni zinamtaka mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya CRB. Shida ni kwamba notisi huenda kwa mawasiliano yaliyojazwa wakati wa kukopa. Kama nambari iliyojazwa ni ya mwizi, basi notisi anaisoma mwizi. Ndiyo maana tunasema usingoje kuambiwa. Jiangalie mwenyewe.

Anza na laini. Kama uko Safaricom, piga *106# uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ikatae mara moja. Kama uko mtandao mwingine, uliza huduma kwa wateja.

Pili, omba ripoti yako ya CRB. Mashirika haya, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo, yana leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Wengi wetu huikumbuka CRB siku tumenyimwa mkopo. Chagua tarehe usiyoweza kuisahau, hata siku yako ya kuzaliwa, uiombe kila mwaka.

Tatu, kabla ya kuipa programu ya mkopo kitambulisho chako, hakikisha iko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni ya Benki Kuu. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti yao.

Na ukikuta deni usilolijua? Hapa tusikilize vizuri. Usililipe ati ndiyo yaishe, hata kama ni kiasi kidogo tu. Ukililipa ni kama umekubali ni lako, na taarifa hiyo mbaya inaweza kukaa kwenye rekodi yako kwa miaka 5 baada ya kulipwa. Nenda polisi upate nambari ya OB, kisha andikia CRB na mkopeshaji ukipinga. Sheria inakupa haki ya kupinga taarifa isiyo sahihi, na CRB lazima ichunguze. Weka nakala ya kila barua na kila ujumbe.

Tunajua wengine watasema, "Sasa nitamkatalia vipi mlinzi, na nimechelewa?" Ni kweli, huwezi kukataa kila mahali. Lakini unaweza kuuliza kama kadi ya kazi inatosha. Unaweza kukataa kuacha kitambulisho halisi kama rehani ya deni. Unapotoa kopi, andika juu yake kwa kalamu: "Ya kukodisha nyumba pekee", na tarehe. Kopi yenye maandishi hayo ni ngumu kutumika kwingine. Na picha ya kitambulisho usimtumie mtu ambaye hujamthibitisha, hata akikuahidi kazi Qatar.

Mzigo huu pia si wa mteja peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka yeyote anayekusanya taarifa zako achukue zile tu anazohitaji, na azitunze. Jengo linaloacha kitabu wazi getini linapaswa kujirekebisha. Mkopeshaji anayetoa pesa bila kuhakikisha anayekopa ni nani asimsukumie mwenye jina hasara yake. Na sisi kampuni za malipo tukikuuliza kitambulisho, tuulize kwa nini tunakitaka. Una haki ya kujibiwa.

Jina lako litakufaa siku ya kukopa karo, kununua boda au kutafuta kazi. Lichunge leo kama unavyoichunga PIN. Anza sasa hivi, simu si iko mkononi? Piga *106#.