Kucha za Kuzaliwa Nazo Zisipuuzwe

Kuanzia Masasi hadi Newala kwenye uwanda wa juu wa Makonde, korosho ndiyo riziki. Mhudumu wa afya anapoona kucha zilizoharibika, hushuku kwanza mafuta makali ya ganda la korosho, au fangasi. Mara nyingi hakosei. Hata hivyo, kabla ya kuandika dawa yapasa aulize: kucha hizi zimekuwa hivi tangu lini?

Mtoto mchanga hajabangua korosho. Akizaliwa na kucha za vidole gumba zilizodumaa, zilizogawanyika au zisizokuwapo, na baadaye pia za magoti zikaonekana ndogo na viwiko visinyooke, ushukiwe ugonjwa wa kurithi wa kucha na pia ya goti. Chanzo chake ni hitilafu ya jeni iitwayo LMX1B, nao hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 50,000. Mzazi aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume. Si laana, wala si kosa la mama.

Hatari kubwa haimo katika kucha. Figo zaweza kuvuja protini kwa miaka bila maumivu, na presha ya macho yaweza kupofusha polepole. Jeni haina dawa. Lakini kupima mkojo na shinikizo la damu kila mwaka, kazi iliyo ndani ya uwezo wa kituo cha afya, hufichua madhara ya figo mapema. Macho nayo yachunguzwe na mtaalamu.

Hata hivyo, ugonjwa adimu usibebeshwe kila dalili. Mgonjwa huyohuyo akianza kuchoka, kuhisi baridi, kunenepa na kukosa choo, asiambiwe kwamba ni mifupa yake tu. Huenda tezi dundumio, iliyo mbele ya shingo, imepunguza kazi. Hali hiyo hutambuliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa vidonge vya thairoksini. Nayo hudhoofisha kucha, ila kwa kawaida huanza ukubwani. Ndiyo maana swali la “tangu lini” lina uzito. Pasipo na kipimo, rufaa ya Ndanda au Mtwara isicheleweshwe.

Mgonjwa naye asifiche habari za ukoo. Amweleze mhudumu ni nani mwenye kucha kama zake, na nani aliyeugua figo. Jibu hilo laweza kuokoa figo za mdogo wake ambaye bado hajalalamika.