Viza ya matembezi si kibali cha kulea wajukuu

Mahindi yakishavunwa na magunia kuingia ghalani, wanawake wa rika langu hapa Rongai huanza safari. Nasema Rongai yetu ya Kaunti ya Nakuru, njia ya kwenda Eldama Ravine, si ile ya Kajiado. Mmoja anakwenda Dallas, mwingine Minnesota, mwingine Birmingham kule Uingereza. Shughuli ni ile ile: binti au mke wa kijana amejifungua na hakuna wa kumshikia mtoto. Karatasi pia ni ile ile: viza ya matembezi. Wakirudi wanapanda, wanapalilia, kisha simu inalia tena: "Mum, utakuja lini?"

Mimi ni mwalimu mstaafu na ni nyanya. Binti yangu ni muuguzi Marekani, na safari hiyo naijua kwa miguu yangu. Msimamo wangu ni huu: desturi ya kumwita nyanya kwa viza ya utalii, miezi sita huku na miezi sita kule, mwaka baada ya mwaka, ni ya hatari na tuiache. Viza hiyo haikuwekwa kwa shughuli hiyo. Inayotufaa iko, nchi nyingine zinaitoa, na sisi hatujaidai.

Mwaka 2016 Marekani ilianza kuwapa Wakenya viza ya matembezi na biashara ya kudumu hadi miaka mitano na kuingia mara nyingi. Awali ilikuwa ya mwaka mmoja. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini wengi wetu tulisikia "miaka mitano" tukaacha kusikiliza yaliyofuata. Tarehe iliyo kwenye viza ni mwisho wa kubisha hodi tu. Muda wa kukaa ndani huamuliwa na afisa unayemkuta uwanja wa ndege siku hiyo, na kwa kawaida hauzidi miezi sita. Anaweza kukupunguzia. Anaweza pia kukurudisha na ndege inayofuata, viza yako ikiwa bado ina miaka.

Je, mtu anaruhusiwa kuingia mara ngapi kwa mwaka? Swali hili halikosi kwenye mikutano ya chama chetu, wala halikosi majibu ya kubuni. Huyu anasema ukikaa miezi sita ni lazima ukae nje miezi sita. Yule anasema ukitoka wiki mbili tu, hesabu inaanza upya. Ukweli ni kwamba sheria ya Marekani haikutaja idadi ya safari. Ilichoweka ni kigumu zaidi: kila anayeomba viza hii huhesabiwa kuwa anataka kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo. Na huo uthibitisho hauishii kwenye ubalozi wao wa Gigiri, Nairobi, siku ya mahojiano. Kila unapoingia, afisa anafungua kumbukumbu zako kwenye kompyuta, anaona ulifika lini na kuondoka lini. Akikuta umekaa kwao zaidi kuliko kwako, ana haki ya kukuuliza, "Mama, wewe unaishi wapi hasa?"

Uingereza imeliandika jambo hili waziwazi katika kanuni zake: mgeni asiifanye nchi hiyo kuwa makao yake kwa kuingia mara kwa mara au kwa kufululiza ziara. Hata mwenye viza ya miaka 10 haruhusiwi kuzidisha miezi sita kwa ziara moja. Nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen zina hesabu isiyobishaniwa: siku 90 katika kila siku 180. Na tangu Oktoba 2025 zimeanza kusajili wageni kwa picha na alama za vidole badala ya kutegemea muhuri wa wino. Wale wanaosema "mbona fulani alifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyemuuliza" wanazungumzia zama zinazopita.

Nitaeleza lililompata mwenzetu mmoja wa kanisani. Alikuwa amerudi kutoka kwa mwanawe, akakaa nyumbani msimu mmoja wa kupanda, kisha akaitwa tena. Kwenye sanduku lake alibeba unga wa wimbi kwa uji wa mzazi. Kwenye uwanja wa ndege alikoshukia, aliombwa simu yake. Ujumbe wa mwisho kutoka kwa mwanawe ulisomeka: "Mum usichelewe, yaya anaacha Ijumaa na mimi naingia kazini Jumatatu." Aliulizwa analipwa kiasi gani. Akajibu kwamba halipwi chochote, ni damu yake. Aliulizwa basi ni nani atakayebaki na mtoto kutwa, akajibu ni yeye. Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyomrudisha. Alilala kwenye benchi, viza yake ikafutwa, na alipofika Nakuru hakutaka kuonekana sokoni kwa muda mrefu, kana kwamba ameiba.

Hakuiba. Lakini tuelewe kilichotokea. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko, mgeni akishika jembe anaweza kuhesabiwa kuwa amevunja masharti ya viza. Kulea mtoto ni kazi yenye mshahara, na kuna wenyeji wanaoishi kwayo. Kwa hivyo nyanya akiwa ndiye tegemeo la kila siku ili wazazi waende kazini, afisa anaweza kusema amekuja kufanya kazi, hata kama hapewi senti. Kumtembelea mjukuu, kumbeba, kumpikia mamake uji, hayo ni matembezi. Kuwa yaya wa zamu ni jambo jingine machoni pao, na wao ndio wenye mlango.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu watoto wetu. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Marekani, nchi tajiri kuliko zote, sheria yake ya kitaifa ya 1993 inampa mzazi wiki 12 bila malipo, na hata hizo hupewa tu aliyetimiza mwaka kazini kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Binti anayelipa kodi ya nyumba, mkopo wa masomo na karo ya wadogo zake huku Rongai hawezi kukaa wiki 12 bila mshahara. Binti yangu hufanya zamu ya usiku hospitalini. Nimemwona akirudi alfajiri, theluji imemfika vifundoni, ananyonyesha kabla hajavua koti. Anaponiita simuoni kama mtu anayenitumia. Namuona kama mtu aliyelemewa.

Lakini kulemewa kwake hakubadilishi masharti ya viza yangu. Na hapo ndipo uongo unapoingia. Kijana wa saiba mjini anapokujazia fomu hukuuliza kwa adabu, "Nyanya, niandike unaenda kutalii?" Ukimwambia andika naenda kumwona binti yangu aliyejifungua, anakuonya kwamba utanyimwa. Wapo mabroka wanaolipisha maelfu ya shilingi kwa kumfundisha mama mzee majina ya mbuga na sanamu ambazo hana haja nazo. Ada ya maombi peke yake ni dola 185, na ukinyimwa hairudi. Kumdanganya afisa wa viza kunaweza kumfungia mtu nje ya Marekani maisha yake yote. Nawasihi wenzangu: mwambie kijana aandike ukweli. Kwenda kumwona mtoto na mjukuu ni sababu halali kabisa ya kupewa viza ya matembezi, mradi ziwe ziara zenye mwanzo na mwisho.

Adhabu ya kupitisha muda pia haichezewi. Ukizidisha muda uliopewa, viza yako inabatilika hata kama tarehe yake haijafika. Ukizidisha zaidi ya siku 180 kabla ya kuondoka, unafungiwa miaka mitatu. Ukifikisha mwaka, unafungiwa miaka kumi. Mwanamke wa miaka 65 akifungiwa miaka kumi, huenda akaja kumwona mjukuu wake wakati sauti ya kijana imeshakuwa nzito.

Basi tufanyeje? Kwanza, nyanya anayekwenda na aende kwa jambo linalotajika: kuzaliwa, kubatizwa, mahafali, ugonjwa. Abebe barua ya mwaliko yenye tarehe, tiketi ya kurudi, na ushahidi wa maisha yake hapa: hati ya shamba, taarifa ya Sacco, karatasi za pensheni. Arudi kabla muda wake haujaisha. Na muda anaokaa nyumbani uzidi anaokaa ughaibuni, kwa sababu hapa ndipo kwake.

Pili, serikali yetu iwe na la kusema. Canada ilikwisha kuliona tatizo hili. Tangu Desemba 2011 ina viza maalum ya wazazi na mababu, ya kuingia mara nyingi, inayoweza kudumu hadi miaka kumi. Tangu Julai 2022 anayekuja nayo anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa ziara moja. Masharti yake ni ya haki: mtoto aliye Canada aonyeshe kipato cha kutosha, mzazi apimwe afya na awe na bima isiyopungua dola 100,000 za Canada. Hakuna anayelazimika kuhesabu wiki kwa hofu wala kujifanya mtalii. Nchi ile imekubali kwamba mzazi anaweza kukaa muda mrefu na mtoto wake bila kuwa mhamiaji.

Tunayo Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo iliyoongoza kwa fedha hizo. Kila bajeti inaposomwa wanasifiwa. Sifa hazimlei mtoto. Naitaka idara hiyo iliweke suala la viza ya mzazi mezani kila mara tunapokaa na Marekani na Uingereza kuzungumza biashara, kama inavyowekwa bei ya chai na maua. Tukumbuke kwamba na sisi tuna mipaka yetu: mtalii anayeingia Kenya hupewa hadi siku 90, na akiongezewa hazipiti miezi sita. Kwa hivyo hatuombi mlango uachwe wazi. Tunaomba mlango wa wazazi, wenye masharti yanayoeleweka.

Tatu, na hili liko mikononi mwetu bila kumngoja balozi yeyote: watoto waje. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, hata kama amezaliwa nje. Katiba hiyo hiyo ikaruhusu uraia wa nchi mbili. Pamoja na hayo, wajukuu wetu wengi wanatua uwanja wa Jomo Kenyatta kama wageni. Tangu Januari 2024, Kenya ilipoondoa viza na kuleta idhini ya kielektroniki, wazazi wao wanawaombea idhini hiyo mtandaoni na kuilipia kila mtoto, kama watalii wanaokwenda kutazama flamingo wa Ziwa Nakuru. Mtoto ana haki ya kuingia kwao bila kuomba na kukaa atakavyo, lakini hajachukuliwa pasipoti.

Najua kuna waliochukua uraia wa Marekani kabla ya 2010 wakapoteza wa Kenya. Katiba inawaruhusu kuuomba tena na kuupata. Najua pia kwamba foleni za karatasi zinachosha na nauli ya familia nzima ni ghali. Lakini piga hesabu ya tiketi za nyanya za kwenda na kurudi kila mwaka, ada za viza, bima na hofu. Mtoto akimaliza mwaka wake wa kwanza aletwe Rongai msimu mzima, ajifunze lugha ya bibi yake, acheze kwenye maganda ya mahindi, aogopeshwe na bata mzinga. Hapa hakuna afisa atakayeniuliza kwa nini nabaki naye kutwa.

Kwa hivyo, wanangu mlio ughaibuni: tuiteni kuwatembelea, na tutakuja kwa furaha na kurudi kwa wakati. Msituite kuziba pengo la yaya kwa viza ya utalii. Na kabla hamjatununulia tiketi nyingine, nendeni ubalozini mkawachukulie watoto wenu pasipoti ya Kenya. Ni haki yao tangu siku waliyozaliwa.