Ndama Ana Hereni, Mama Hana Jibu

Jirani yangu hapa Kitengela huuza maziwa karibu na steji. Miaka mitatu iliyopita alikubali kuingia kwenye utafiti wa kinga ya mwili katika hospitali moja kubwa Nairobi. Akatolewa damu mara nne, akapewa nauli na soda. Juzi akaniuliza, "Kijana wangu, wewe ulisoma. Ile damu yangu ilisema nini?"

Sina jibu. Nilisoma biokemia miaka miwili tu, karo ikanishinda. Lakini fomu aliyotia sahihi niliiona: kurasa sita, Kiingereza kitupu. Yeye anaongea Kimaasai na Kiswahili. Ati hiyo ndiyo ridhaa?

Sasa twende Kajiado ndani, kwa ng'ombe. Oltikana, yaani ndigana kali, humaliza ndama. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga miaka ya 1970: ndama anadungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na, papo hapo, dawa ya kuvizuia visimlemee. Mwili unajifunza. Mfugaji anaelezwa haya kwa sababu ndiye anayelipa, ndama anavishwa hereni sikioni, na sokoni hereni hiyo inampandishia bei. Ndama anaondoka na ushahidi. Mama aliondoka na soda.

Na hii si stori ya jana. Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamefuatilia wanawake wa Majengo waliofanya biashara ya ngono. Wachache walikutana na virusi vya Ukimwi miaka nenda miaka rudi bila kuambukizwa. Askari wa miili yao, zile chembe zinazoua seli zilizovamiwa, walikuwa wamevijua virusi. Oxford na Nairobi wakachukua fununu hiyo wakabuni chanjo, ikaanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikufua dafu. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 2000, zogo lilizuka: Waingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo bila kuwaweka Wakenya. Wanasayansi wetu walipiga kelele, na walikuwa na haki kabisa.

Ila tazama nani alikuwa kwenye ugomvi huo. Maprofesa kwa maprofesa. Wanawake walitibiwa kwenye kliniki, sikatai, lakini katika hesabu ya nani anamiliki nini, walikuwa sampuli.

Halafu kuna hili ambalo hunikosesha usingizi. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya wale waliokuwa na kinga waliambukizwa, na hao walikuwa wamepunguza au kuacha biashara kwa muda. Kinga, inaonekana, ilikuwa inaishi kwa kukutana na virusi. Manze, hiyo ni habari mwenye mwili anafaa kuijua jioni hiyo hiyo, jarida lisubiri.

Wataniambia utafiti haumhusu mtu mmoja, ni wastani wa mamia. Sawa, mwambieni huo wastani. Ukurasa mmoja, Kiswahili na Kimaasai, usomwe kwenye baraza la chifu. Kama mlitoka kapa, semeni mlitoka kapa.

Mama yuko steji kila siku, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Na namba yake mnayo. Mlikuwa mnampigia kila mlipohitaji damu.