Acheni kutudanganya na neno Brightness!

Haya jamaa, leo nina kero na nitaitoa yote.

Gemu nyingi siku hizi zinaanza kwa mtihani. Kabla hujashika bunduki wala usukani, unaletewa picha ya giza yenye nembo, halafu unaambiwa uburute mstari mpaka nembo ionekane kwa shida. Juu ya mstari wameandika Brightness. Unaburuta, unabonyeza sawa, unaingia. Dakika kumi baadaye uko pangoni huoni kitu, basi unarudi kwenye menyu na kuusukuma mstari hadi mwisho. Sasa unaona. Lakini unaona nini? Ukungu! Usiku umekuwa wa kijivu kama majivu ya jikoni.

Halafu mtu anasema kadi yake ya michoro ni mbovu. Nimeona watu wakiuza kadi nzima kabisa na kuongeza pesa wanunue nyingine, eti picha imepauka. Kadi haina hatia, na mchezaji pia simlaumu. Lawama ni kwa wanaoandika programu, fani hii hii inayonilisha, kwa sababu wameacha neno moja libebe kazi tatu tofauti.

Kazi ya kwanza ni taa. Skrini ya LCD ina taa nyuma ya kioo. Ukiongeza mwangaza kwenye laptopu au monita ya kisasa, kwa kawaida ni hiyo taa unayoiongeza. Cheusi na cheupe vinapanda pamoja.

Kazi ya pili ni kiwango cha weusi. Zile monita nene za CRT zilizokuwa zinajaza meza nzima, kitufe hicho kilipanga weusi uanzie wapi. Runinga nyingi zimerithi maana hiyo: taa ya nyuma ina mahali pake, na Brightness ina mahali pake. Ukiipandisha mno, cheusi kinakuwa kijivu. Ukiishusha mno, vivuli vyote vinamezwa.

Kazi ya tatu inaitwa gama, na gemu nyingi ukiburuta ule mstari unagusa hiyo. Hapa nivumilieni kidogo. Kwa kawaida kila rangi ya msingi kwenye picha ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ungedhani ngazi ya 128 inatoa nusu ya mwanga. Wapi! Kwa kipimo cha sRGB, ambacho HP na Microsoft walikipendekeza mwaka 1996, ngazi ya 128 inatoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa ngazi ya 255. Nusu yenyewe iko karibu na ngazi ya 188. Mpangilio huo unatufaa, kwa kuwa jicho letu linatambua tofauti ndogo gizani kuliko penye mwanga mkali, na giza limepewa ngazi nyingi.

Sasa ukisukuma gama, 0 inabaki 0 na 255 inabaki 255, lakini za katikati zote zinapandishwa. Ngazi za giza zinatawanywa, za mwanga zinabanana. Ndiyo maana unamwona adui kwenye kona, na papo hapo mawingu yanapoteza umbo na ngozi za watu zinakuwa kama zimepakwa unga. Hujaongeza taa hata kidogo, umepinda picha tu.

Na msiniambie neno halikuwepo. Doom ya mwaka 1993 ilikuwa na kitufe cha F11, na ukikibonyeza ilikuambia waziwazi kwamba unarekebisha gama. Wakati huo kitufe hicho kilikuwa na sababu, maana mashine zilitofautiana. Mac zilitumia gama ya 1.8 hadi zilipohamia 2.2 mwaka 2009, ambayo tayari ilikuwa kawaida kwenye Windows. Leo tofauti hiyo imekwisha, ila mstari umebaki, tena umepewa jina la uongo.

Najua mtakalosema: "Mimi nataka kushinda, uzuri wa picha ni shauri yako." Sawa. Na wapo wenye macho dhaifu ambao giza linawafungia mlango kabisa. Hao wana haki ya kuona, tena wapewe dawa halisi. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ina hali ya utofauti mkali: mazingira yanafifishwa, maadui na wenzako wanapewa rangi zao. Hapo mtu anaona vizuri bila kudanganywa kwamba amerekebisha skrini.

Kwa hiyo wewe msomaji fuata mpangilio huu. Kwanza itoe runinga au monita kwenye ile hali ya rangi kali iliyotengenezwa kuvutia wateja dukani. Pili, panga taa kulingana na chumba: mchana pazia likiwa wazi ipandishe, usiku ishushe, macho yako yatakushukuru. Tatu, panga weusi kwenye runinga hadi nguo nyeusi iwe nyeusi lakini mikunjo yake ionekane. Mstari wa gemu uwe wa mwisho kabisa, na mara nyingi hutahitaji kuugusa.

Nanyi wenzangu wa kuandika gemu, kazi yenu ni rahisi kuliko yake. Kama mstari unabadilisha gama, andikeni gama. Kama ni weusi, andikeni weusi. Weka na picha ndogo ya mchezo wenyewe pembeni, yenye usiku na yenye mawingu, mtu aone anachopata na anachopoteza. Kubadilisha jina kwenye menyu ni kazi ya asubuhi moja. Kadi ya michoro iliyouzwa bure ni mshahara wa mtu.