Leseni ya kokoto si kibali cha kumwaga tope

Kila masika hali ni ile ile katika maeneo ya machimbo ya kokoto ya Dar es Salaam na Pwani. Mvua ikinyesha, maji meupe ya vumbi la mawe na mekundu ya kifusi hushuka barabarani, huziba makaravati na kuishia kwenye mito inayoelekea Bahari ya Hindi. Mitaro huzibuliwa kwa fedha za umma. Aliyeijaza haulizwi.

Utetezi wa wachimbaji wakubwa ni kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Hoja hiyo haikubaliki. Milimita 50 za mvua juu ya hekta 5 ni mita za ujazo 2,500, yaani lita milioni 2.5, na juu ya mwamba uliovuliwa udongo na miti sehemu kubwa yake hutiririka. Hesabu hiyo hufanywa kwa kalamu na karatasi kabla baruti ya kwanza haijalipuliwa. Anayejua ukubwa wa shimo lake hawezi kudai kushtukizwa na Aprili.

Linalotakiwa si jambo la kitaalamu mno. Maji safi yanayoteremka kutoka juu ya eneo yazungushwe kwa mfereji yasiingie machimboni. Yale yaliyokwisha kugusa vumbi na kifusi yaelekezwe kwenye mabwawa ya kutuliza tope kabla ya kutoka. Mchanga huzama kwa dakika chache, ilhali chembe za mfinyanzi huweza kuelea kwa siku kadhaa. Kwa hiyo dimbwi lililochimbwa kwa kijiko asubuhi ya ukaguzi halifai kuitwa bwawa. Halifai pia bwawa lililojengwa vizuri lakini bado limejaa tope la mwaka jana, maana maji hupita juu yake jinsi yalivyoingia.

Kinachoudhi zaidi huonekana kiangazi. Machimbo yaliyomwaga maji Aprili huagiza maboza na kuchimba visima Septemba, ili kupoza vumbi na kuosha kokoto. Kuosha kuna sababu yake: saruji haishiki vyema kwenye jiwe lililofunikwa tope, na jengo ndilo hulipa. Hakuna anayedai uoshaji ukome. Lakini maji ya kuoshea yanaweza kutulizwa na kurudishwa mtamboni mara nyingi, na bwawa lililozuia tope la masika laweza kuwa akiba ya miezi mikavu. Mwaka 2022 wakazi wa Dar es Salaam waliwekewa mgao baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua. Mji wa namna hiyo hauna maji ya kunyunyizwa mara moja na kusahauliwa.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali cha kutumia maji na kingine cha kutiririsha majitaka. Leseni ya madini haifuti hata kimoja. Tatizo ni kwamba shimo moja lina wasimamizi watatu: Tume ya Madini, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Tope likifika nyumbani kwa watu, kila ofisi ina nyingine ya kuinyooshea kidole. Kokoto zinazotoka getini huhesabiwa, kwa kuwa zina mrabaha. Maji yanayotokea nyuma ya shimo hayana mrabaha.

Ofisi hizo tatu zikague kwa pamoja mwezi Februari, kabla ya mvua. Mtambo usio na bwawa linalofanya kazi usisage kokoto mpaka liwepo. Masharti ya vibali yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili anayeishi bonde la chini ajue mwenye shimo aliahidi nini. Gharama ya kuzibua mitaro idaiwe kwa aliyeijaza.

Wanaoponda mawe kwa nyundo wasiwekwe kwenye fungu moja na wenye mitambo. Hawana uwezo wa kujenga bwawa kila mmoja, na kuwafukuza huwahamishia tu kwenye kingo za mto mwingine. Halmashauri inayochukua ushuru kwao iwajengee bwawa la pamoja na kulisafisha kila mwaka.

Yapo pia mashimo ambayo wenyewe walikwisha kuondoka, yakabaki na maji yaliyotuama kando ya makazi. Kwa wenye leseni hai, dhamana ya ukarabati idaiwe sasa, wakiwa bado na kokoto za kuuza. Kwa waliotoweka, ofisi iliyosaini leseni ibebe mzigo wa kuweka uzio na kuyapatia maji njia ya kutoka, na ieleze hadharani ni lini kazi hiyo itaanza.