Kitshanga: Kabureta zinatupwa, kosa ni la waya

Pikapu ya zamani inayobeba magunia na wagonjwa kuelekea Mweso ikitoa moshi mweusi na kumaliza mafuta upesi, fundi husema: nunua kabureta ingine. Haifai! Kwenye kabureta yenye choki ya umeme, waya usipoleta umeme choki haipati joto; inabaki imeziba hewa hata injini ikiwa moto. Fundi awashe injini, aunge taa ya kupimia kati ya ncha ya waya na chuma cha injini. Isipowaka, atafute fyuzi iliyoungua au waya uliokatika. Mafuta yanayopotea hulipwa na abiria, hata mama aliyekimbia vita akiwa na mtoto mgonjwa. Wenye magari wadai kipimo kwanza, ndipo watoe pesa.