Nani Atakiziba Kisima?

Katika jimbo la North Dakota, Marekani, idara inayosimamia mafuta hutoa kila siku ya kazi orodha ya vibali vipya vya kuchimba visima. Orodha hutaja kampuni iliyopewa kibali, jina la kisima na mahali kitakapochimbwa, na mtu yeyote, awe mkulima au mwenye duka, anaweza kuisoma. Hatuitaji nchi hiyo ya kibepari kwa kuisifu. Tunaitaja kwa kuwa Zanzibar nayo imo katika kutoa vibali vyake, na mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Mafuta ya eneo liitwalo Bakken yamefungika ndani ya mwamba wa matabaka, kiasi cha kilomita tatu chini ya ardhi. Hayatoki mpaka kisima kigeuzwe kiende ubavuni, kisha mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na dawa vinavyosukumwa kwa nguvu kubwa. Kisima cha namna hiyo hutoa kwa wingi mwaka wa kwanza, halafu hushuka kwa kasi. Kampuni haina budi kuomba kibali kingine, na kingine. Mwaka 2005 jimbo zima lilitoa mapipa yapatayo 100,000 kwa siku. Mwishoni mwa 2014 yalipindukia 1,200,000.

Bei ikaanguka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016.

Linalotushughulisha zaidi ni yale majina katika vibali. Whiting, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za huko, ilikimbilia mahakamani Aprili 2020 kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake; mwaka 2022 ikaungana na Oasis, na jina likawa Chord. Hess ilinunuliwa na Chevron mwaka 2025. Aliyepiga hodi siye aliyekutwa ndani. Na mwaka ule ule wa 2020 jimbo lilitumia fedha za Serikali Kuu, zilizotolewa kwa ajili ya janga la korona, kuziba visima vilivyotelekezwa. Faida ilikwishakwenda kwa wenye hisa, uchafu ukabakia kwa umma. Huo ndio ubepari, wala hauna haya.

Tuje kwetu. BP na Shell walichimba Unguja miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960, wasipate mafuta ya kufaa biashara. Mwaka 1968 mafuta yaliingizwa katika mambo ya Muungano, hadi sheria ya Muungano ya 2015 na ya Zanzibar ya 2016 zilipoipa SMZ mamlaka ya kuyasimamia yaliyo yake. Oktoba 2018 Serikali ilitiliana saini na RAK Gas ya Ras al Khaimah mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar; mwaka 2024 vitalu vingine vya baharini vikanadiwa. Itakuwa ajabu haki iliyodaiwa miaka yote ile ikaishie kabatini.

Chuoni tulifundishwa kuwa deni la muda huandikwa na kushuhudiwa. Mkataba wa mafuta ni deni la miaka mingi, na shahidi wake ni mwananchi. Kwa hiyo tunaishauri Serikali kila mkataba uchapishwe kwa Kiswahili kabla kibali cha kuchimba hakijatolewa. Uonyeshe mgawo wetu, na dhamana ya fedha za kuziba kisima, iliyowekwa benki tangu mwanzo na isiyotoka hata kampuni ikiuzwa. Uambatane na ramani, ili mvuvi wa Kojani anayekwenda dago ajue ni maji gani atakatazwa, kwa muda gani, na nani wa kumlipa.

Wapo maofisa watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitaalamu na kwamba mwekezaji atakimbia. Huko North Dakota kampuni huruhusiwa kuficha takwimu za kisima kipya kwa miezi sita. Jina la mwenye kibali halifichwi, na wachimbaji hawakukimbia. Wanachama wetu matawini wana haki ya kuliuliza jambo hili mikutanoni, na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wana wajibu wa kulifikisha Chukwani.